Saladi ya matunda kipindi hiki cha winta: achaneni na embe la meli, tumieni matunda ya msimu

Habari zenu wakuu, hasa nyie mlioko huku Ulaya kaskazini ambako Desemba saa kumi jioni giza limeshaingia. Naleta uzi huu kwasababu kila winta ikifika nasikia watu wetu wanasema huku matunda hayana ladha kabisa, alafu ukichungulia kwenye kikapu chake pale supamaketi unakuta embe, stroberi na tikiti. Sasa tikiti Januari jamani, utatoka wapi utamu?

Embe mengi yanayouzwa huku kipindi hiki yanatoka Peru, yamechumwa magumu ili yavumilie wiki kama tatu ndani ya meli, yakifika yanalainika nje lakini ule utamu wa embe lililoivia mtini haupo. Yapo ya kuja na ndege, hapa Ujerumani wanayaandika Flugmango, hayo ni matamu kweli ila bei yake ukinunua matatu unajiuliza mara mbili. Stroberi za Januari zinatoka Huelva kule kusini mwa Hispania au Misri na Moroko, rangi safi, ukiuma ni maji. Ndo mtu anakata hivo vitu vyote, anamwagia sukari, anakula kwa huzuni anasema nyumbani tulikuwa tunafaidi.

Mimi naishi Hamburg na nachosema ni hiki, baridi ina matunda yake na ni matamu kweli. Tena mengine bila baridi hayafiki kileleni. Ukijua yapi yako kwenye msimu kuanzia Novemba mpaka Machi unatengeneza saladi ya matunda ambayo wageni wanaomba ipakuliwe tena. Naandika kwa urefu, mwenye haraka ashuke chini kwenye vipimo.

Tuanze na machungwa maana hayo ndo mfalme wa winta. Novemba zinaanza klementini, yaani yale machenza madogo yasiyo na mbegu, nyingi zinatoka Hispania na Moroko. Desemba yanakuja machungwa ya navel, yale yenye kitovu chini, hayana mbegu na yanamenyeka kirahisi. Alafu kuanzia hapo Desemba kwenda mpaka Machi au Aprili mnapata machungwa damu ya Sicily, aina tatu maarufu ni Moro, Tarocco na Sanguinello. Haya ndo nayapenda kupita yote. Yanalimwa upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye maeneo yanayouzunguka mlima Etna, na ile rangi nyekundu ndani haiji hivi hivi, inataka mchana wa joto na usiku wa baridi. Baridi ya usiku ndo inafanya tunda litengeneze ile rangi, inaitwa anthosayanini. Moro linakuwa jekundu mpaka linakaribia weusi, Tarocco lina michirizi tu lakini ndo tamu zaidi. Ukikosa fedha ya kununua kila kitu, nunua Tarocco na klementini peke yake na bado utakuwa na saladi.

Kaki. Hili watu wetu wengi wanalipita dukani wanadhani nyanya. Jamani msilipite. Ila kuna kitu lazima ujue kabla hujaweka mdomoni, zipo aina zenye ukakasi mkali sana mpaka ziive zikawa laini kama uji, ukila ngumu ulimi unakauka wote. Na zipo za kula zikiwa ngumu, unakata kama tufaa. Zile za Hispania kutoka Valencia zinazouzwa kwa jina la Persimon kiasili nazo zina ukakasi, lakini zinawekwa kwenye vyumba vya hewa ya kabonidayoksaidi na ukakasi unaondoka tunda likiwa bado gumu. Za kutoka Israeli zinaitwa Sharon. Kwa saladi nunua hizo mbili, ile laini sana kula kwa kijiko peke yake maana kwenye bakuli itavurugika. Utamu wake ni wa asali asali, hakuna uchachu kabisa, ndo maana inakaa vizuri sana na chungwa.

Komamanga kila mtu wa pwani analijua, sina haja ya kulielezea. Msimu wake mwisho wa mwaka na bei nzuri ni kwenye maduka ya Waturuki na Waarabu. Walioko Hamburg nendeni Steindamm pale karibu na stesheni kuu, yamepangwa nje kwa kreti. Chagua zito kuliko linavoonekana, na ganda likiwa limebonyea bonyea pembeni si tatizo, ndo limejaa.

Tufaa na pea haya yamechumwa Septemba na Oktoba, lakini yanahifadhiwa kwenye maghala ya baridi ambayo oksijeni imepunguzwa sana kwahiyo tunda linakuwa kama limelala, haliendelei kuiva. Hapa jirani na Hamburg kuna Altes Land, ukanda mkubwa wa mashamba ya matunda pembeni ya mto Elbe, matufaa ya pale unayala mpaka mwezi wa tano. Kwa saladi mimi nachukua Elstar, lina uchachu kidogo. Pea inachumwa kabla haijaiva na inaivia ndani, inaanza kuiva katikati kuja nje, kwahiyo ukingoja ilainike kwa nje ujue ndani imeshaoza. Bonyeza karibu na kikonyo, pakikubali kidogo kata siku hiyohiyo.

Kiwi nyingi za winta ni za Italia. Ina vitamini C kuliko chungwa, gramu 100 za kiwi ya kijani zina miligramu kama 90, chungwa kama 50. Ikiwa ngumu iweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na tufaa siku mbili tatu, tufaa linatoa gesi ya ethilini inayoivisha wenzake.

Vipimo vya watu sita:
machungwa ya kawaida 2
machungwa damu 2
klementini 4
kaki ngumu 2
tufaa 1 na pea 1
kiwi 3
komamanga 1
ndimu 1

Na shira yake, maji nusu kikombe, sukari vijiko viwili vya chakula au asali, iliki nne uzipasue, kipande cha mdalasini, tangawizi vipande vitatu vyembamba. Chemsha dakika tano tu, zima, iache ipoe kabisa ndo uchuje. Ukimwagia ya moto umepika matunda.

Sasa kukata, na hapa ndo saladi inapona au inakufa. Chungwa usilimenye kwa mkono ukatupia vipande na nyuzi zake zote nyeupe, zile zina uchungu na zinakaa kwenye meno. Kata juu na chini lisimame kwenye kibao, teremsha kisu pembeni ukifuata mduara uondoe ganda pamoja na weupe wote mpaka uone nyama. Alafu lishike juu ya bakuli, pitisha kisu kati ya ngozi na ngozi, kila kipande kinatoka kitupu kinang'aa. Kile kinachobaki mkononi kikamue humohumo kwenye bakuli. Hiyo juisi pamoja na ndimu ndo unatumbukizia tufaa na pea mara tu ukizikata, uchachu unazuia zisiwe za kahawia. Kwahiyo mpangilio ni machungwa kwanza, tufaa na pea zifuate, alafu kaki. Machungwa damu weka bakuli la pembeni maana yatapaka kila kitu rangi, yaweke juu mwishoni.

Komamanga, kata juu kama kofia, chana ganda kwa kufuata mistari yake, lipasulie ndani ya bakuli la maji. Punje zinazama, utando mweupe unaelea, unauchota unamwaga. Ukuta wa jiko unabaki msafi.

Kiwi na punje za komamanga ziingie dakika kumi kabla ya kula. Kiwi ina kimeng'enya kinaitwa aktinidini, ikikaa muda mrefu inalainisha matunda mengine, na ukichanganya na maziwa au yoghati mbichi ikalala, inakuwa chungu. Wanaopenda yoghati wajiwekee mezani kila mtu na kibakuli chake.

Matunda yote osha kabla ya kukata, hata yale ambayo ganda unatupa, maana kisu kinaingiza uchafu wa nje kwenda ndani. Na kama unataka kukwangua ganda la chungwa kutia harufu, nunua ya bio au yaliyoandikwa unbehandelt, yaani hayajatiwa dawa, sheria za Ulaya zinawataka waandike kama ganda limepakwa dawa za kuzuia ukungu baada ya kuvunwa. Soma kile kibao cha bei, na nchi ya asili imeandikwa hapohapo.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2, mdau wa Leipzig
Mkuu umeandika vizuri ila mimi nabisha kidogo. Saladi ya matunda bila nanasi na ndizi sio saladi, hiyo ni machungwa yaliyokatwa. Nanasi linapatikana mwaka mzima, kwanini tujinyime?

#3, mleta uzi
Nanasi sikatai mkuu, la Kosta Rika lipo muda wote na ni zuri, ukiweka robo tu linatosha. Ninachokataa ni lichukue bakuli zima mpaka lile kaki na pea usizisikie tena. Ndizi weka wakati watu wameshakaa mezani, sio kabla, inaharibu muonekano haraka sana hata ukiipa ndimu. Ila jaribu mara moja bila vyote viwili, weka shira ya iliki, alafu urudi hapa utuambie.

#4, mdau wa Muscat
Maashallah, uzi wa kheri. Huku kwetu Oman komamanga la milima ya Jabal Akhdar ndo lenyewe, msimu wake unakuwa mapema zaidi, Septemba hivi ndo linajaa sokoni, dogo kiasi lakini tamu halina mfano. Nyongeza yangu ni maji ya waridi. Kule kule Jabal Akhdar wanayakamua mawaridi kwenye majira ya machipuko, Machi mwisho mpaka Mei, na yale maji yana harufu ya moshi kidogo kwa vile wanapika kwenye majiko ya kienyeji. Kijiko kimoja cha chai tu kwenye bakuli la watu sita, ukizidisha itakuwa kama umekunywa marashi. Na ukitia maji ya waridi punguza iliki iwe mbili, zisigombane.

#5, mleta uzi
Shukran sana dada, hii naichukua. Wamoroko nao wana saladi yao ya machungwa, wanakata mviringo mwembamba, wanapanga kwenye sahani, wananyunyizia mdalasini wa unga na maji ya maua ya mchungwa, basi, hakuna kingine. Siku umechoka fanya hiyo, dakika kumi umemaliza.

#6, mdau wa Bergen
Naomba niongee kama muuguzi maana naona orodha haina balungi na najua mtu atalitia, lipo tele winta hii na lile la pinki linapendeza. Wazee wetu wanaotumia dawa za presha na kolestro wawe makini sana. Balungi linazuia kimeng'enya cha kwenye utumbo kinachovunja baadhi ya dawa, kwahiyo dawa inaingia mwilini nyingi kuliko ulivyopimiwa. Hili liligunduliwa kwa bahati Kanada, watafiti wa London, Ontario wakiongozwa na David Bailey walikuwa wanapima dawa ya presha ya felodipini pamoja na pombe, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakashangaa kiwango cha dawa kwenye damu kiko juu mno. Walitoa taarifa mwaka 1989. Dawa nyingine ni simvastatini, atorvastatini, nifedipini, na dawa za waliopandikizwa figo kama takrolimasi. Na msidhani ukimeza dawa asubuhi ukala balungi usiku umepona, athari yake inaweza kudumu zaidi ya siku nzima. Machungwa ya kawaida na klementini hayana shida hiyo, ila danzi lina shida ileile, na yale mabalungi makubwa ya kijani yanaitwa pomelo nayo pia. Ukiwa na mgeni mtu mzima usitie tu, huwezi kujua anatumia nini. Na mwenye dawa amuulize daktari wake au mfamasia kwa jina la dawa yake.

#7, mleta uzi
Huu mchango ni mkubwa kuliko uzi wenyewe, asante sana. Ndo sababu mimi sijaliweka kwenye vipimo, nikiita watu nyumbani mama zetu wa kanisani wanakuja na nusu yao wana presha. Naomba wote mliosoma mwambieni na aliyeko nyumbani maana balungi Tanzania lipo na watu wanakamua juisi kila asubuhi wakiamini linashusha presha.

#8, mdau wa Mbeya
Wakuu mnaongelea winta ya huko, sisi wa huku nyanda za juu kipupwe chetu ni Juni mpaka Agosti na asubuhi unaamka majani yana barafu nyeupe. Je hiyo saladi naitengenezaje huku? Kaki sijawahi kuliona.

#9, mleta uzi
We ndo una bahati kuliko sisi wote. Juni mpaka Agosti machungwa ya Muheza yanakuwa yamejaa nchi nzima, na machenza. Kaki weka papai lililoiva lakini bado linashikika, kazi yake ni ileile, utamu usio na uchachu. Parachichi la Rungwe liko mlangoni kwako, kata vipande vikubwa uviweke mwishoni kabisa, parachichi na chungwa na chumvi kidogo ni kitu kimoja kizuri sana watu hawajui. Badala ya kiwi tumia pesheni, chota na mbegu zake umwagie juu kama mchuzi. Matunda damu (tamarilo, sio machungwa damu) ukiyapata yamenye, kata mviringo, nyunyizia sukari yakae nusu saa yatoe juisi, hiyo rangi yake inashindana na Tarocco kabisa.

Alafu nikuongezee kitu, usidharau chungwa la Muheza kwasababu ganda lake ni la kijani. Ganda la chungwa linageuka rangi pale usiku unapokuwa na baridi, ndo ule ukijani unaondoka. Tanga usiku ni joto kwahiyo tunda linaiva vizuri ndani na nje linabaki kijani. Haya tunayonunua huku yana rangi ya kung'aa kwasababu yamepigwa baridi mtini, na mengine yanaingizwa kwenye vyumba vya ethilini ili kijani kiondoke kabla hayajafika dukani. Utamu haukai kwenye ganda.

#10, mdau wa Mbeya
Duh, hii ya ethilini nilikuwa sijui. Kwahiyo miaka yote tulikuwa tunaona la njano la kutoka nje ndo bora. Wikiendi hii natengeneza na parachichi.

#11, mdau wa Rotterdam
Swali. Kazini kwetu kila mwaka kila mtu analeta chakula cha nchi yake, nataka nipeleke hii. Nikitengeneza usiku itafika kesho mchana ikiwa nzuri? Na joto la ofisini ni kali hita zinawaka.

#12, mleta uzi
Inafika vizuri ukiigawa. Usiku fanya shira, kata machungwa na klementini, uzifunike kwenye friji, hizo zikilala ndani ya juisi yake zinakuwa bora zaidi. Komamanga toa punje weka kwenye kopo lake. Asubuhi kata tufaa, pea na kaki utumbukize kwenye ile juisi. Kiwi menyea palepale ofisini. Ukishaitoa kwenye friji isikae mezani zaidi ya masaa mawili, matunda yakishakatwa hayana ganda la kuyalinda na bakteria wanapenda hiyo sehemu yenye sukari na hita. Iweke ndani ya bakuli kubwa lenye barafu chini kama meza itakaa muda mrefu. Na kwakuwa unasema chakula cha nchi yako, weka pembeni kisahani cha chumvi na pilipili ya unga kama wanavyofanya wauza maembe wa mtaani, waambie wachovye kaki. Wazungu watashangaa mwanzoni alafu kisahani kitaisha.

#13, mdau wa Leipzig
Nimerudi. Nimefanya bila nanasi, bila ndizi, nikapata Tarocco soko la Jumamosi. Nakubali. Ile shira ya iliki imeenda mbali sana na mke wangu anauliza kama inaweza kutumika na kwenye chai. Ila kaki yangu ilikuwa na ukakasi, nimenunua ile laini kidogo yenye ncha.

#14, mleta uzi
Nimefurahi sana mkuu. Hiyo yenye ncha iache dirishani mpaka ulione kama linataka kupasuka, ndo ule kwa kijiko. Au liweke kwenye freeza usiku kucha, likiyeyuka limelainika na ukakasi umepungua sana. Na shira ndio, kwenye chai ya rangi weka badala ya sukari, inakaa kwenye friji wiki nzima ukiifunga vizuri kwenye chupa safi.